Jiko la Zamani la Makaa ya Mawe: Moto wa Polepole Unaopendwa, na Sababu za Kuuogopa

Katika kazi ya kukagua majiko ya kupashia nyumba joto, swali ambalo wataalamu tunaulizwa mara nyingi si namna ya kuliondoa jiko la zamani la makaa ya mawe, bali namna ya kulibakiza. Mwenye nyumba huwa tayari ana hita ya umeme au ya gesi, inayowaka kwa kubonyezwa kitufe, na bado hataki kuachana na lile dude zito la chuma alilolikuta ndani ya nyumba. Baadhi ya wenzangu huuita huo ukaidi. Mimi sikubaliani nao, kwa maana mvuto wa jiko hilo una sababu za kifizikia zinazoelezeka vizuri, na sababu hizohizo ndizo zinazolifanya liwe la hatari.

Kilo moja ya kuni zilizokauka vizuri hutoa joto la megajuli 15 au 16 hivi, ilhali kilo moja ya anthrasaiti, ambayo ni makaa ya mawe magumu kuliko yote na yenye kaboni zaidi ya asilimia 85, hukaribia au hupita mara mbili ya kiasi hicho. Hata hivyo, kinachowavutia watu zaidi ni mwendo wa moto wenyewe. Kuni zikipata joto hugeuka kwa sehemu kubwa kuwa gesi, nazo gesi hizo huwaka kwa miali mikubwa na kwisha upesi. Anthrasaiti ina gesi chache sana, kwa hiyo kinachoungua ni kaboni ngumu yenyewe, kuanzia juu ya kila bonge kuelekea ndani, kwa kadiri hewa inavyolifikia. Anayepunguza hewa hupunguza moto bila kuuzima, na jiko lililojazwa jioni huweza kukutwa na makaa mekundu asubuhi, baada ya saa 10 au 12.

Siri hiyo haikujulikana mapema. Huko Pennsylvania, Marekani, anthrasaiti ilidharauliwa kuwa ni mawe meusi yasiyowaka nyumbani bila kupulizwa kwa mivukuto, hadi Jesse Fell wa mji wa Wilkes-Barre alipoonyesha, tarehe 11 Februari 1808, kwamba huwaka yenyewe ikiwekwa juu ya wavu wa chuma unaopitisha hewa kutoka chini. Kuni huridhika kulala juu ya majivu yake. Anthrasaiti ikifanyiwa hivyo hufa. Ndiyo maana jiko la makaa ya mawe lina mkono wa kuutikisa wavu ili majivu yaanguke, na wanaoishi nalo hutambua kwa sauti ya mtikiso huo kama moto uko salama au umezimika usiku. Baadaye katika karne hiyo yakatokea majiko yenye tangi la katikati linaloyashusha makaa yenyewe kidogokidogo, pamoja na vidirisha vya ulanga, madini angavu yanayostahimili joto, ili watu wa nyumbani wauone moto. Nakiri kwamba ni vitu vya kupendeza.

Ongeza hapo chuma cha kusubu, ambacho kwa uzito wake huchelewa kupata joto na huchelewa kulipoteza. Joto lake husafiri kwa mnururisho hadi kwenye ngozi, ukutani na kwenye viti, badala ya kupasha hewa tu, na ndiyo sababu aliyeketi karibu nalo huona raha hata kama hewa ya chumba bado ni ya baridi. Tena jiko la aina hii, likiwa halina feni wala pampu, halihitaji umeme. Usiku ambao nyaya zimekatika kwa dhoruba, hoja hiyo ni vigumu kuipinga.

Sasa tuutazame moto uleule kwa upande wa pili. Kaboni inayoungua kwa hewa haba hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na himoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni, kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni kwa zaidi ya mara 200. Vimiali vya buluu vinavyocheza juu ya anthrasaiti, ambavyo wapenzi wa majiko haya huvisifu sana, ni gesi hiyo ikiungua. Ikikosa kuungua, njia yake ni dohani, yaani mfereji wa kutolea moshi, na dohani huvuta kwa sababu ina joto. Moto unapolazwa kwa ajili ya usiku, dohani hupoa na mvuto wake hulegea wakati watu wamelala. Maumivu ya kichwa, kichefuchefu na kizunguzungu vinavyowapata wote waliomo ndani na kupungua wanapotoka nje, visidhaniwe kuwa ni mafua. King'ora cha kugundua gesi hiyo kiwekwe penye jiko na karibu na vyumba vya kulala, na kizuizi cha bomba la moshi kisifungwe chote maadamu moto ungalipo. Anayeongeza makaa aache sehemu ya moto wazi, kwani gesi zinazojikusanya juu ya moto uliofunikwa wote huweza kulipuka zikishika ghafla.

Kuhusu moshi sitasema mengi, kwa kuwa ushahidi wake hauna utata. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2014, lilishauri makaa ya mawe yasiyosindikwa yasitumike kabisa majumbani, na moshi wake wa ndani ya nyumba umeorodheshwa miongoni mwa visababishi vya saratani. Moshi mzito wa London wa Desemba 1952, uliochangiwa sana na majiko na meko ya nyumbani, uliua maelfu ya watu, na mji wa Kraków, nchini Poland, ulipiga marufuku kuchoma makaa ya mawe na kuni kuanzia Septemba 2019. Anthrasaiti hupunguza moshi huo, lakini kila kilo ya kaboni inayoungua kikamilifu hutoa kilo 3.67 za kaboni dayoksaidi, na hakuna fundi wa jiko anayeweza kuibadili hesabu hiyo.

Anayeweza kupata njia nyingine ya kujipasha joto, ushauri wangu ni aitumie. Anayebaki na jiko lake pale sheria inaporuhusu, alikague nyufa na viungo vyake, na kamba nyeupe za kuziba milango ya majiko makuukuu zisichokolewe kabla ya kupimwa, maana baadhi zina asbesto, madini ya nyuzi zinazodhuru mapafu. Moto huzaa majivu, na haya ya makaa ya mawe yana chembe za metali zisizofaa bustanini. Yawekwe kwenye ndoo ya chuma yenye mfuniko, nje ya nyumba. Bomba la moshi lisafishwe mara tu msimu wa baridi unapokwisha, si unapoanza, kwa sababu masizi yenye salfa yakichanganyika na unyevu huwa asidi inayoutafuna mchana na usiku ule ukuta mwembamba wa bomba. Bomba likibonyea kwa kubinywa na kidole, jiko lisiwashwe tena hadi lifungwe bomba jipya.