Je, wajua kwa nini mwanafunzi anayeandika blogu hukumbuka zaidi somo?

Mwalimu akianzisha blogu ya darasa, sababu inayotajwa kwanza ni kwamba vijana wanapenda intaneti, kwa hiyo masomo yakipitia huko watayapenda pia. Basi mwalimu anabandika muhtasari na mazoezi, wanafunzi wanasoma, na shule inahesabu kwamba imepiga hatua. Hapo ndipo kosa lilipo. Anayesoma blogu ya mwalimu anasoma tu, sawa na mwenye kitabu mkononi. Skrini haimwongezei chochote. Anayefaidika ni anayeandika. Na faida hiyo haikungoja kompyuta: katika miaka ya 1920, mwalimu Célestin Freinet wa Ufaransa aliingiza mashine ndogo ya kuchapia darasani. Watoto waliandika habari zao, wakazipanga herufi kwa herufi, wakazituma kwa wanafunzi wa shule nyingine, nao wakajibiwa. Mwandishi, msomaji na jibu, vyote vilikuwepo.

Sasa, kuandika kunakazaje somo kichwani? Kusoma ni kama kumfuata mwenyeji njiani. Unapita kila kona bila kupotea, na ukifika unaamini njia umeijua. Siku ukiambiwa utangulie wewe, unakwama kwenye njia panda ya kwanza. Kumfuata tena mara tatu hakusaidii sana, maana kila mara anayeamua kukata kushoto au kulia ni yeye. Kuandika huku daftari limefungwa ndiko kutangulia.

Mwaka 2006 watafiti wa Marekani, Roediger na Karpicke, walilipima jambo hili. Kundi moja la wanafunzi wa chuo lilisoma makala fupi kwa vipindi vinne. Jingine lilisoma kwa kipindi kimoja tu, kisha likaandika mara tatu kila lilichokumbuka. Baada ya dakika 5, waliorudia kusoma waliongoza. Baada ya wiki moja walikumbuka takriban asilimia 40, wenzao 61. La ajabu zaidi, waliorudia kusoma ndio waliokuwa na uhakika mkubwa kwamba hawatasahau.

Msomaji naye ana kazi yake. Mwanafunzi anaandika: "Barafu huelea kwa sababu ni nyepesi." Mwenzake anauliza chini yake: "Nyepesi kuliko nini? Mbona kokoto ni jepesi kuliko gogo, lakini linazama?" Swali hilo linamrudisha kitabuni, na safari hii anajua anachotafuta: maji yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9, hivyo barafu ina uzito mdogo kuliko maji ya ujazo uleule. Pengo hilo lisingeonekana kama sentensi ile ingebaki daftarini.

Tahadhari moja, hata hivyo. Jaribio la 2006 lilipima kumbukumbu, halikupima blogu. Uchambuzi wa mwaka 2020 uliojumlisha majaribio 56 katika sayansi, hisabati na masomo ya jamii ulionyesha kwamba kuandika husaidia kujifunza, ila kwa kiasi cha wastani, na si katika kila jaribio. Tena, anayenakili aya za watu na kuzibandika hajakumbuka wala kueleza lolote. Kwa hiyo mpangilio wa kazi una uzito kuliko programu inayotumika: vitabu vifungwe, rasimu iandikwe, kisha vifunguliwe kwa ajili ya kusahihisha, ndipo makala ichapishwe na maswali yaanze.