Masafa halisi ya motokari ya umeme, kwa mwenye kupanga njia ya Lubumbashi–Kolwezi

Masafa halisi ni kilomita ambazo motokari ya umeme itakwenda kweli, kwa barabara ile, mwendo ule na mzigo ule, mpaka ifike ikiwa bado na akiba uliyoikusudia. Si namba iliyoandikwa kwenye karatasi ya muuzaji, wala si ile inayowaka kwenye dashibodi asubuhi.

Namba ya karatasi imetoka kwenye kipimo cha maabara. Motokari za Ulaya hupimwa kwa utaratibu wa WLTP; za soko la China kwa CLTC, wenye mwendo wa polepole zaidi na kwa hiyo ahadi kubwa zaidi. Motokari moja ikisomwa kwa CLTC inaonekana kwenda mbali kuliko ikisomwa kwa WLTP, na betri ni ileile. Dashibodi nayo inakisia tu: inatazama ulivyoendesha kilomita zilizopita na kudhani utaendelea hivyo. Ukishinda siku ukizunguka polepole kati ya Kenya na Kamalondo, mitaa ya Lubumbashi, kesho yake itakuahidi Likasi kwenda na kurudi bila wasiwasi. Ukishika RN1, barabara kuu ya kwenda Likasi na Kolwezi, kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa, ahadi hiyo inaanza kuyeyuka kabla hujaiacha Lubumbashi nyuma.

Hesabu yenyewe ni fupi. Chukua kilowati-saa (kWh) zinazoweza kutumika ndani ya betri, toa akiba, gawanya kwa matumizi ya kila kilomita 100, kisha zidisha kwa 100. Kazi iko katika kupata zile namba tatu kwa ukweli.

Ya kwanza ni betri, na hapa wanunuzi wa motokari za mitumba ndio wanaoumia. Nissan Leaf za mwanzo ziliuzwa na betri ya kWh 24, lakini zinazotumika zilikuwa kama 21 tangu ikiwa mpya. Betri iliyochoka ikabaki na robo tatu ya uwezo wake ina kWh 16 hivi. Ukiweka akiba ya asilimia 15 na matumizi ya kWh 15 kwa kilomita 100, unapata kilomita 90. Hiyo ni motokari nzuri ya kwenda Kipushi, kilomita 30 hivi, na kurudi. Kwa Likasi, iliyo kilomita 120, haifai hata ikisukumwa. Pembeni ya kipimo cha chaji Leaf ina vijistari 12 vinavyoonyesha afya ya betri. Kikipotea cha kwanza, jua karibu asilimia 15 ya uwezo imekwenda. Kabla ya kutoa pesa, chomeka kifaa cha OBD (kinachosoma kompyuta ya motokari) na usome kwa programu ya LeafSpy, maana kompyuta ya betri inaweza kufutwa kumbukumbu na vijistari vikarudi vyote kwa muda.

Namba ya pili ni matumizi, na kinachoyatawala barabarani ni mwendo. Msukumo wa hewa unakua kwa kipeo cha pili cha mwendo: ukitoka 75 kwa saa ukaenda 95, hewa inakupinga kwa asilimia 60 zaidi. Kwa motokari ya ukubwa wa BYD Atto 3, yenye betri ya kWh 60 na ushei, ikiwa na watu wanne na kiyoyozi, weka kWh 14.5 kwa kilomita 100 ukienda 75, na kWh 18 ukienda 95. Hizi ni namba za kuanzia. Namba zako utazipata ukifuta kipimo cha safari, ukaenda kilomita 50 kwa mwendo usiobadilika, kisha ukasoma.

Mlima watu wanauogopa kupita kiasi. Kupandisha tani 2 kwa mita 100 kunakula kWh 0.55 hivi, na ukiteremka motokari inarudisha karibu theluthi mbili kwa kubreki na mota. Kolwezi iko kama mita 200 juu kuliko Lubumbashi, kwa hiyo mwinuko wote wa safari ni kWh 1.3, pamoja na hasara. Ni kidogo. Mtu wa Bukavu anayepandisha milima ya Kivu ana hesabu nyingine kabisa. Sisi wa Katanga uwanda wa juu unatusaidia: kwenye mita 1,300 hewa ni nyepesi kwa asilimia 12 hivi kuliko pwani, nayo hewa nyepesi inapinga kidogo. Mvua ya Desemba hadi Machi inakula faida hiyo yote. Tairi linalokata maji linaongeza matumizi kwa asilimia 10 bila shida, na upepo wa mbele unaongeza tena. Mzigo juu ya paa ni mbaya kuliko mzigo uleule ndani ya buti. Kiyoyozi kikishatuliza joto la ndani kinakula kilowati 1 hivi; kwa safari ya saa 4 ni kWh 4, sawa na kilomita 25 au zaidi.

Namba ya tatu ni akiba. Asilimia 15 ndiyo ya kuanzia, na sababu zake ni tatu. Lori likipinduka unaweza kurudishwa kilomita nyingi kutafuta njia nyingine. Motokari nyingi hupunguza nguvu chaji ikishuka chini kabisa. Halafu kuna kosa la kipimo chenyewe: betri za LFP (za lithiamu, chuma na fosfeti), kama zile za BYD, zina volteji isiyobadilika sana kati ya asilimia 20 na 90, na kompyuta inapotea njia. Ndiyo maana betri hizo hujazwa mpaka 100 mara kwa mara, kwa kawaida mara moja kwa juma, ili kipimo kijirekebishe. Betri zenye nikeli na kobalti ni kinyume: siku za kawaida ziishie 80, na 100 iwe ya usiku wa kuamkia safari tu. (LFP haina kobalti hata chembe. Kwa mkoa wenye Kolwezi na migodi yake ya kobalti, hilo si jambo dogo, lakini tuendelee na barabara.)

Sasa tuweke hesabu njiani. Lubumbashi hadi Kolwezi ni kilomita 300 hivi: 120 mpaka Likasi, kisha 180, ukipitia Fungurume. Betri ya kWh 60 imejaa. Kwa 95, safari inakula kWh 54, na mwinuko unaifikisha 55. Unaingia Kolwezi na kWh 5, asilimia 8. Akiba imeliwa nusu, kwa hiyo ulipaswa kuongeza kWh 4 Likasi, na kwenye prizi ya kawaida hizo ni saa 2 na dakika kadhaa za kukaa. Kwa 75, safari nzima pamoja na mwinuko inakula kWh 45. Unaingia Kolwezi na kWh 15, asilimia 25, bila kusimama popote isipokuwa kwenye peaji, wanapolipisha barabara. Njiani umepoteza dakika 50. Umeokoa kWh 10, ambazo kwa prizi ileile zingekuchukua zaidi ya saa 5.

Hapo ndipo kupanga safari huku kunapoachana na kupanga kwa Ulaya. Penye chaja ya kilowati 100, kWh 10 zinaingia kwa dakika 6; dereva wa kule anafika mapema akienda kasi na kusimama mara nyingi, kidogo kidogo. Mashauri mengi ya mtandaoni yameandikwa kwa ajili yake. Penye prizi ya ukutani, kila kWh ina bei kubwa ya muda, na anayekwenda polepole ndiye anayetangulia kufika. Kwa hiyo usianze kwa kuuliza betri yako inakwenda kilomita ngapi. Uliza prizi ya mahali unapolala inatoa ampea ngapi.

Prizi ya kawaida kwa ampea 10 na volti 220 inatoa kilowati 2.2. Hasara za kuchaji ni kati ya asilimia 10 na 15, hivyo zinazoingia ni 1.9 hivi kwa saa. Kwa ampea 16 zinaingia karibu 3.1. Laini ya ampea 32 ya awamu moja, yenye kisanduku chake cha ukutani, inaingiza 6.2. Awamu tatu zinafika kilowati 11 au 22, lakini tazama chaja iliyo ndani ya motokari: ikiwa inakubali 7 tu, awamu tatu za hoteli hazitakuongezea kitu. Usiteremke chini ya ampea 8 kama huna sababu. Motokari ikiwa inachaji inakula wati 200 mpaka 300 kwa ajili ya kompyuta na pampu zake, na kwa ampea 6 hiyo ni karibu moja ya tano ya umeme wote unaolipia.

Tufanye hesabu ya kurudi, maana wengi wanapanga kwenda tu. Umelala Kolwezi ukiwa na kWh 15, prizi ya ampea 10 tangu saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi. Zimeingia 19, una 34. Toa akiba ya 9, baki 25: kilomita 170 na kidogo kwa mwendo wa 75. Hata Likasi utaingia ukiwa umeanza kuila akiba. Kwa ampea 16 unaamka na 46, na hizo zinakufikisha Likasi vizuri lakini si Lubumbashi. Kwa kisanduku cha ampea 32 betri imejaa kabla ya saa 10 alfajiri. Safari ni ileile na motokari ni ileile; kilichobadilisha siku yako ni waya wa ukutani. Delestaji (umeme kukatwa kwa mgao) ya muda wa saa 4 usiku huo, kwenye ampea 10, inakuondolea kilomita 52. Kwa sababu hiyo usipange siku ya kurudi kabla hujaongea na mwenye nyumba: ampea ngapi, laini ya SNEL (shirika la umeme la Kongo) au ya grupu (jenereta), waya wa ardhi upo?

Waya wa ardhi ndio unaowakwamisha wengi. Chaja ya mkononi inaupima kabla ya kuanza. Isipouona inawasha taa nyekundu na kukataa. Wengine hutafuta njia ya kuidanganya. Usifanye hivyo, kwani ikitokea hitilafu bodi ya motokari ndiyo itakuwa na umeme, na mtu wa kwanza kuushika mlango akiwa amekanyaga udongo wenye maji atakuwa njia yake. Fundi wa umeme apigilie chuma cha ardhi na aunganishe prizi ile. Grupu nayo hukataliwa kwa sababu hiyohiyo: jenereta nyingi ndogo hazina muungano kati ya nyutro na ardhi, na chaja inaona kama hakuna ardhi kabisa. Fundi anaweza kuuweka muungano huo kwenye grupu yenyewe. Kwa kilowati 2.2 tafuta grupu ya kVA 3.5 au zaidi, maana chaji ni mzigo usiopumzika saa nyingi, si kama taa na televisheni. Grupu ndogo ya esansi (petroli) inatoa kWh 1.5 mpaka 2 kwa lita. Ni ya dharura.

Volteji ikishuka mpaka 180 jioni, wakati kila nyumba inapika, ampea 10 zako zinakuwa kilowati 1.8, na chaja nyingine zinakata kabisa. Ipunguze mpaka ampea 8 jioni, kisha ipandishe usiku wa manane volteji ikirudi. Umeme ukirejea baada ya kukatika mara nyingi huja na mruko wa volteji; chaja inayochelewa dakika chache kabla ya kuanza tena ni bora kuliko inayoanza papo hapo. Hakikisha pia kama yako huanza tena yenyewe, kwani nyingine husubiri uichomoe na kuichomeka, na utaamka saa 12 ukikuta asilimia zilezile za jana.

Ralonji (waya wa kurefusha) iwe ya nyaya za milimita za mraba 2.5, ikunjuliwe yote kutoka kwenye gurudumu lake, maana ikibaki imezungushwa inapika plastiki yake yenyewe. Baada ya dakika 30 za kwanza shika kichwa cha prizi. Kikiwa cha moto kiasi cha kutokishikilia, punguza ampea au badilisha prizi. Prizi ya zamani iliyolegea ndiyo inayoungua, hata kama disjonkta (swichi inayokata umeme yenyewe) haijakata.

Ukipata chaja ya haraka, hakikisha kwanza kichwa chake kinaingia. Motokari kutoka Japani zina CHAdeMO, za soko la ndani la China GB/T, na za Ulaya, pamoja na za China zilizotengenezwa kwa soko la Ulaya, CCS2. Chaji kati ya asilimia 10 na 80, kisha ondoka. Juu ya 80 volteji ya seli inakaribia kikomo na kompyuta inapunguza mkondo, na asilimia 20 za mwisho zinaweza kuchukua muda sawa na zile 70 za mwanzo. Leaf za vizazi viwili vya kwanza hazina maji ya kupoza betri, basi ukiichaji moja haraka mara mbili kwa siku moja ya joto itakataa kuchukua nguvu yote mara ya pili.

Na kwa wanaoshuka Kasumbalesa, mpakani na Zambia, kilomita 90 hivi: foleni ya malori haikumalizi. Motokari ikisimama bila kiyoyozi inakula wati mia chache tu, na kwa kiyoyozi kilowati 1 au kidogo zaidi. Saa 3 za kusubiri ni kWh 3 au 4, karibu kilomita 25. Ziandike kwenye hesabu kabla ya kutoka, na teremsha vioo ikifika jioni.