"Kuoana" kwa buti na kifungio: maana yake katika skii za kupandia milima

Wengi wetu tulianza kusikia habari za skii kupitia Philip Boit. Mwaka 1998, kwenye Olimpiki ya majira ya baridi huko Nagano, Japani, Mkenya huyo alishindana kilomita 10 juu ya theluji, akamaliza wa mwisho, na bingwa Bjørn Dæhlie wa Norwei akabaki kwenye mstari kumsubiri. Miaka 20 baadaye, Pyeongchang 2018, Sabrina Simader, aliyezaliwa Kenya na kukulia Austria, aliiwakilisha Kenya katika skii za mteremko. Yote tunaiita skii, lakini ukitazama miguuni utaona vyombo viwili tofauti kabisa. Kiatu cha Boit kilishikwa kwenye ncha peke yake, kisigino kikawa kinainuka kila hatua kama cha mtu anayetembea. Buti ya Simader ilibanwa mbele na nyuma, maana anayeshuka kwa kasi ile hana haja ya kutembea.

Kuna aina ya tatu, nayo ndiyo nitakayoieleza hapa. Katika milima ya Alps, kule Austria, Uswisi, Ufaransa na Italia, wako watu wasiongoja kubebwa na lifti ya kamba. Wanapanda mlima kwa miguu yao wenyewe, skii zikiwa zimebandikwa chini yake kitu kinachoitwa ngozi. Zamani ilikuwa ngozi kweli, ya sili. Siku hizi ni utepe wa nailoni au manyoya ya mbuzi wa Angora. Papasa manyoya ya paka utaelewa inavyofanya kazi: upande mmoja mkono unateleza, upande wa pili manyoya yanakataa. Skii inakwenda mbele, hairudi nyuma. Ukifika juu unabandua ngozi, unafunga kisigino, unashuka. Kwa hiyo kifungio kimoja kinatakiwa kuwa cha Boit wakati wa kupanda na cha Simader wakati wa kushuka.

Kifungio ni kile chombo kilichopigwa skrubu juu ya skii ili kuishika buti. Na neno ambalo mafundi wa skii hulirudia kutwa nzima ni kuoana: je, buti hii inaoana na kifungio hiki? Anayeanza husikia swali hilo akadhani linaulizwa kama buti inaingia. Sivyo. Ufunguo unaweza kuingia kwenye kitasa mpaka mwisho na bado usigeuke. Kifungio kina kazi mbili, na ya pili ndiyo inayosahaulika. Ya kwanza ni kushika. Ya pili ni kuachia: mtu anapoanguka na skii ikaanza kuuzungusha mguu, kifungio lazima kiitoe buti kabla goti au mfupa wa muundi haujavunjika. Buti na kifungio vinaoana pale tu ambapo kushika kunafanyika kama kulivyokusudiwa na kuachia pia kunafanyika kama kulivyokusudiwa. Hitilafu karibu zote za vifaa hivi ni moja kati ya mbili: kimeachia kisipotakiwa, au hakikuachia kilipotakiwa. Ya kwanza inaudhi na hujitangaza yenyewe. Ya pili inakaa kimya mpaka siku ya ajali.

Kifungio kinachotumiwa zaidi na wapanda milima ni cha pini. Kilibuniwa na Fritz Barthel, Mwaustria wa Tyrol, katika miaka ya 1980, kwa kuchoshwa na uzito wa vifaa vya wakati ule. Wazo lake lilikuwa kwamba buti yenyewe ni ngumu kiasi cha kutosha, basi hakuna haja ya fremu nzito ya chuma chini yake. Mbele aliweka taya mbili zenye pini moja kila upande, zinazobana ncha ya buti kwa nguvu ya springi. Nyuma aliweka kimnara chenye pini mbili zinazotazama mbele na kuingia kisiginoni. Kimnara kikizungushwa, pini hizo hazitazamani tena na buti na kisigino kiko huru kupanda. Kampuni ya Dynafit ililichukua wazo hilo, na haki ya ubunifu ilipokwisha muda wake watengenezaji wengine wakaingia kwa wingi.

Hapo ndipo suala la kuoana lilipozidi uzito. Pini zinahitaji matundu. Buti ya kupandia ina vikombe vidogo vya chuma vilivyozamishwa pande mbili za ncha, na bamba la chuma lenye mifereji kisiginoni. Buti ya mteremko ya kawaida haina vitu hivyo, kwa hiyo haiingii kwenye kifungio cha pini hata ukiilazimisha. Kosa hilo angalau haliwezi kukudhuru, maana linakuzuia mlangoni. Hatari iko kwenye kosa la upande wa pili, yaani buti ya kupandia kwenye kifungio cha mteremko, kwa sababu mara nyingine huingia na kulia "klik" vizuri kabisa.

Sababu ni soli. Buti ya mteremko hufuata kipimo cha kimataifa ISO 5355: soli bapa ya plastiki ngumu, unene wa milimita 19 mbele na 30 nyuma, ikizidi au kupungua kwa milimita moja tu. Kifungio cha mteremko kimetengenezwa kikitegemea soli hiyo iteleze upande wakati wa kuachia. Buti nyingi za kupandia hufuata ISO 9523: soli ya mpira, imepinda kama mguu wa kiti cha kubembea, ina meno ya kukanyagia mwamba. Mpira hautelezi, na ndivyo mtu anavyoutaka anapotembea juu ya mawe. Chini ya taya za kifungio cha mteremko mpira huohuo hung'ang'ania, na nguvu iliyotakiwa kuitoa buti inarudi gotini. Kati ya hizo mbili kuna soli ya GripWalk, ISO 23223, yenye mpira kiasi na mpindo kiasi, nayo inahitaji kifungio kilichoandikwa kuwa kinaikubali. Tena jina la GripWalk halikuambii kama buti ina matundu ya pini. Baadhi zina, baadhi hazina. Itazame ncha kwa macho. Viko pia vifungio vinavyokubali zaidi ya soli moja, mradi kimo cha taya au cha bamba la chini yake kirekebishwe upya kila buti inapobadilika. Mtu hununua cha namna hiyo akidhani amemaliza, kumbe amenunua uwezekano wa kurekebisha, na marekebisho yenyewe bado hayajafanywa.

Mimi nilijifunza haya kwa njia ya kuumiza. Nilinunua skii zilizotumika, zikiwa na kifungio cha pini, zilizokuwa za mtu mwenye buti namba 27.5 kama yangu. Sebuleni nilikanyaga, zikalia "klik" mbele na nyuma, nikaridhika. Mlimani, kwenye mteremko wa wastani, kila skii ilipoingia kwenye kibonde na kujikunja, kisigino changu kilichomoka. Nilianguka mara tatu kabla sijakubali kwamba tatizo halikuwa miguu yangu.

Namba 27.5 ni urefu wa mguu kwa sentimita. Kifungio hakiujui mguu wako, kinaijua soli. Urefu wa soli huandikwa kwa milimita ubavuni mwa buti karibu na kisigino, kwa mfano 297 au 306, na buti mbili za namba moja kutoka kwa watengenezaji wawili zinaweza kupishana kwa zaidi ya sentimita nzima. Kati ya kisigino cha buti na kile kimnara cha nyuma huwa kuna mwanya uliopimwa makusudi: milimita 4 kwenye baadhi ya vifungio, 5.5 kwenye vingine, na sifuri kwenye vile ambavyo sehemu ya nyuma ina springi ya kusogea mbele na nyuma. Mwanya huo upo kwa sababu skii hupinda. Inapopinda, buti na kimnara husogeleana. Mwanya ukiwa mdogo mno, buti inakisukuma kimnara na kuvuruga kuachia. Ukiwa mkubwa mno, pini zinashika kwa ncha tu, na kisigino kinachomoka kama changu. Watengenezaji hutoa kipande cha plastiki cha kupimia. Kinapitishwa katikati buti ikiwa imefungwa na skii iko juu ya meza, bila mtu kusimama juu yake. Usikadirie kwa jicho. Milimita moja na nusu haionekani kuwa kitu, lakini ndiyo tofauti kati ya kifungio kimoja na kingine.

Hitilafu inayowasumbua wengi zaidi, hata wenye vifaa vinavyooana barabara, ni barafu. Theluji hushindiliwa chini ya taya za mbele, inaganda, na taya hazifungi mpaka mwisho. Unakanyaga, unasikia mlio, unainua wenzo wa kufungia, yaani kile kishikio cha mbele ya taya, halafu hatua ya kumi buti inatoka. Dalili ni wenzo wenyewe: ukipanda juu zaidi au ukiishia chini zaidi ya ulivyouzoea nyumbani, kuna kitu katikati. Chokonoa chini ya taya kwa kijiti au bisibisi ndogo. Safisha vikombe vya buti pia, kisha ingiza ncha tu, acha wenzo bila kuufunga, na uinue na kushusha kisigino mara kadhaa. Pini zitaisaga barafu iliyobaki kwenye vikombe. Halafu ndipo unafunga. Fanya hivyo kila unapovaa skii, si mpaka likupate.

Na wenzo huo una jambo lake. Unapopanda unaufunga, ili skii isitoke mguuni kila unapogeuka kwenye kona. Ukiwa umefungwa, kuachia kwa pembeni kunazuiwa. Kwa hiyo anayeshuka lazima aufungue, na watu husahau kwa sababu ya uchovu na baridi ya kileleni. Skii isiyoachia ndani ya maporomoko ya theluji inakuwa nanga inayomvuta mtu chini.

Kama kisigino hakikai sawa, yaani ukishusha buti polepole unaona pini moja inagonga ukingo badala ya kuingia kwenye mfereji, usikimbilie kulaumu kifungio. Safisha kwanza barafu ya mbele. Ikiendelea, ivae buti hiyohiyo kwenye skii ya pili, kisha buti ya pili kwenye skii ya kwanza. Tatizo likihama pamoja na buti, vyuma vya buti havikukaa sawa au vimelika; vikombe vilivyotumika miaka mingi hupoteza umviringo wake na buti hucheza ubavuni hata ikiwa imebanwa. Likibaki kwenye skii, huenda skrubu zimelegea au matundu yalitobolewa mshazari. Skrubu iliyolegea usiikaze tu ukaondoka. Jua kama tundu bado linashika, kwa maana maji yakiingia ndani ya mbao ya skii yanaiozesha. Skrubu nyingi za vifungio zina kichwa cha Pozidriv namba 3, kinachofanana na msalaba wa kawaida lakini sicho chenyewe. Bisibisi isiyo yake hutafuna kichwa cha skrubu, na kukitoa huko mlimani hakuwezekani.

Iko hali nyingine ambayo buti mpya yenye soli nene ya mpira inagusa bamba au wenzo wa mbele, taya zikashindwa kufunga ingawa hakuna barafu. Wapo wanaochukua kisu wakapunguza mpira. Fundi anayeijua buti hiyo anaweza kufanya hivyo, wewe, acha.

Imebaki namba ya kuachia, ile inayosomeka kwenye kidirisha cha kifungio. Haichaguliwi kwa ujasiri. Inatokana na jedwali linalochanganya uzito wa mtu, kimo, umri, urefu wa soli na namna anavyoteleza. Mwenye miaka 50 na zaidi hushushiwa nguvu. Kifungio kikiachia ovyo, mtu huzungusha skrubu kuongeza namba, na mara nyingi kilichokuwa kibaya ni mwanya au barafu. Kwa kuongeza namba ameifunika dalili, na mguu wake sasa unalindwa kidogo kuliko jana. Namba ya kifungio cha pini pia si lazima ilingane na nguvu ya namba hiyohiyo kwenye kifungio cha mteremko, ndiyo maana karakana nzuri huwa na mashine ya kupima nguvu halisi ya kuachia, buti ikiwa ndani.

Ukienda karakana, basi, peleka skii zote mbili na buti zote mbili, na uwe tayari kutaja kilo zako za kweli. Fundi aliyeletewa skii bila buti hana cha kupima.