Carrie Underwood alishinda shindano 2005, ila kilichombakisha mjini ni kitu kingine

Msimu wa odisheni ukikaribia, vijana ninaowafundisha sauti hapa Kigoma huwa wana swali moja tu. Wengi ni watu wa kwaya, kuna wa Ujiji, kuna wa Mwanga, wengine wanatoka mpaka Kasulu, na wote wanauliza mwalimu nikishinda si ndo nimetoboa? Huwa nawajibu kwa habari ya Carrie Underwood, mwimbaji wa muziki wa country wa Marekani, na leo naiandika kabisa. Na msiniambie country ni mambo ya Wazungu, nyumba ngapi huku mzee alikuwa na kanda za Jim Reeves, na Dolly Parton akipigwa redioni mama anaimba nae huku anachambua mchele.

Carrie ni binti wa Checotah, kimji kidogo cha Oklahoma, kaanzia kanisani na kwenye mashindano ya vipaji ya huko huko kwao. Bado yuko kwenye umri wa miaka 13, 14 hivi akakaribia kabisa kusaini na kampuni ya muziki ya Capitol Records, uongozi wa kampuni ukabadilika, dili likafa. Akaendelea na shule, akaingia chuo kusomea mawasiliano ya umma, na ni chuo kikiwa kinaelekea ukingoni ndo akaenda kwenye usaili wa American Idol, shindano la kuimba la kwenye TV ya Marekani. Fainali ikiwa bado mbali Simon Cowell, jaji ambae hamuonei mtu aibu, akatabiri kwamba huyu atashinda na atauza kuliko washindi wote waliomtangulia. Mei 2005 akashinda kweli.

Singo yake ya ushindi ikaingia moja kwa moja namba 1 kwenye Billboard Hot 100, ile chati kuu ya nyimbo Marekani. Sasa niambieni, leo nani anaikumbuka? Wimbo uliomweka ni Jesus, Take the Wheel, wa kwenye albamu ya Some Hearts iliyotoka Novemba mwaka huo huo, na hapa naomba mnisikilize kwa makini maana ndo kazi yangu. Kwenye shindano unapewa dakika moja na kidogo, unaimba wimbo wa mtu, kwa hiyo kila mshiriki anakimbilia ile noti ya juu ya kuwanyanyua watu kwenye viti. Kwenye huu wimbo Carrie anaanza chini, karibu anaongea, anatusimulia mama anaendesha gari usiku wa kuamkia Krismasi, mtoto yuko siti ya nyuma, gari linaserereka kwenye barafu, na sauti yake ile kubwa ambayo nchi nzima ilikuwa inaijua anaibana mpaka kiitikio kifike ndo anaifungulia, na hata hapo anaifungulia kwa sababu yule mama anamlilia Mungu. Pumzi imetunzwa kwa ajili ya hadithi. Vijana wangu wengi wana sauti nzuri sana lakini wanaimaliza yote kwenye ubeti wa kwanza, kiitikio kinafika hawana pa kwenda.

Halafu alichagua nyumba yake mapema. Angeweza kuhangaika huku na huku kwenye pop, yeye akatulia na country, na Nashville, mji wenyewe wa country, kuna watunzi ambao kila siku kazi yao ni kukaa wawili watatu chumbani wanaandika. Ule wimbo una watunzi watatu, Brett James, Hillary Lindsey na Gordie Sampson. Hakung'ang'ania kuandika kila kitu mwenyewe, ila albamu ya pili, Carnival Ride ya 2007, jina lake tayari limo kwenye baadhi ya nyimbo kama mtunzi mwenza, na 2008 akapokelewa Grand Ole Opry, onyesho la redio lililoanza 1925 ambalo mwanachama anategemewa awe anarudi kuimba. 2025 akarudi American Idol kukaa kwenye kiti cha jaji.

Na kushinda kwenyewe sio lazima. Miranda Lambert nae wa country, alikuwa wa tatu tu kwenye shindano la TV la Nashville Star mwaka 2003, nyimbo za albamu yake ya kwanza, Kerosene, karibu zote ana mkono wake, na sa hivi ni jina kubwa mno. Kwetu Peter Msechu, mtoto wa Kigoma, 2010 alimaliza wa pili Tusker Project Fame, shindano la kuimba la Afrika Mashariki, na bado anaimba, napenda sana anavyoimba laivu.

Kwa hiyo wanaokuja kwangu kabla ya odisheni, wimbo mnaoujua wa mtu mwingine tutaufanyia mazoezi, hilo sina shida nalo. Ila kila mmoja aje pia na nyimbo zake tatu, rekodi hata kwa simu, gitaa moja au kupiga makofi tu inatosha, ubeti wa kwanza uimbe ukiwa umekaa na kwa sauti ya kumsimulia mtu aliye pembeni yako, tukikuelewa habari yenyewe ndo tuanze kuongelea noti za juu.