Nimeshaugua UVIKO-19, chanjo ya nini tena?

Dai kwamba aliyeugua UVIKO-19 hahitaji chanjo lina nusu ya ukweli. Ugonjwa huacha kinga, tena wakati mwingine imara. Ila haitabiriki: aliyeugua kidogo anaweza kubaki na kingamwili chache, nazo hupungua kadiri miezi inavyopita. Omicron, aina ya kirusi cha UVIKO-19 iliyotambuliwa Novemba 2021, iliwaambukiza tena wengi waliokwisha kuugua. Chanjo nayo haikuzuia kila maambukizi, lakini ilipunguza sana ugonjwa mkali na vifo. Kinachotofautisha hasa ni gharama ya kuipata kinga yenyewe: chanjo nyingi huufundisha mwili kuitambua protini ya miiba iliyo juu ya kirusi, bila kirusi kuzaliana mapafuni. Aliyeugua kisha akachanjwa kwa kawaida hupata kinga imara kuliko inayoachwa na ugonjwa peke yake.