Ombewa, Dozi Usiache: Imani, Ushahidi na Uhuru wa Dini Nyanda za Juu Kusini

Katika kliniki za CTC za Mbeya, Iringa na Njombe, zinazohudumia watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI, wapo wagonjwa wanaoacha ARV, dawa za kufubaza virusi hivyo, si kwa sababu ya kukosa nauli wala kuchoshwa na vidonge. Wanaacha kwa sababu wameambiwa wamepona, na mkononi wana karatasi ya kuthibitisha. Karatasi yenyewe ni ya kweli. Imetoka maabara, ina tarehe, na inasema virusi havikuonekana. Tatizo ni hatua moja inayorukwa kati ya karatasi hiyo na ushuhuda unaotolewa madhabahuni.

Nafundisha maadili ya tiba kwa wanafunzi wa uuguzi na utabibu hapa Mbeya. Swali ninaloulizwa mno na wahudumu walioko kazini ni hili: nimjibu nini mgonjwa anayeniambia Mungu amemponya? Wengine hunyamaza kwa kuogopa kuonekana wanapinga dini. Wengine hukemea, na mgonjwa harudi tena. Kwa ukanda wetu hili si jambo dogo. Utafiti wa kitaifa wa UKIMWI wa 2022 hadi 2023 ulikuta kiwango cha maambukizi kwa watu wazima nchini ni asilimia 4.4, lakini Njombe asilimia 12.7, Iringa 11.1 na Mbeya 9.6. Kwa hiyo mahubiri kuhusu dawa yanayotolewa Mwanjelwa au Makambako yanasikika na watu wengi wanaomeza dawa hizo kila siku, hata kama mhubiri hawajui.

Tuanze na karatasi. Kipimo cha wingi wa virusi, HVL kama wanavyokiita kliniki, huhesabu nakala za virusi zilizomo kwenye mililita moja ya damu. Dawa zikifanya kazi, idadi hushuka hadi pale ambapo mashine haiwezi tena kuviona. Hapo ndipo karatasi huandikwa kwamba havikuonekana. Ni habari njema sana: mtu aliyefika hapo na akaendelea na dawa hamwambukizi mwenzi wake kwa kujamiiana, anazaa watoto wasio na maambukizi, anazeeka kama jirani zake. Lakini mashine imepima damu iliyokuwa kwenye kile kichupa. Haikupima tezi wala utumbo.

Na huko ndiko virusi vilikojificha. Kirusi hiki huchomeka vinasaba vyake ndani ya vinasaba vya seli za kinga, zile za CD4, na baadhi ya seli hizo hulala. Zikiwa zimelala hazitengenezi virusi, na kwa kuwa kazi ya ARV ni kuzuia virusi visizaliane, ndani ya seli iliyolala hazina cha kuzuia. Mkulima wa viazi wa Isyonje ananielewa nikisema ni kama sangari: ukifyeka juu kwa juu shamba linaonekana safi, mizizi ipo. Mtu akiacha dawa, kwa walio wengi virusi hurudi kuonekana kwenye damu ndani ya wiki chache tu.

Kuna mtego mwingine, nao umeenea tangu vipimo vya kujipima nyumbani vianze kutumika. Kile kijiti cha kupitisha kwenye fizi hakitafuti virusi. Kinatafuta askari ambao mwili umewatengeneza dhidi ya virusi. Mtu anayetumia dawa vizuri kwa muda mrefu anaweza kuwa na askari wachache kiasi kwamba kijiti kisiwapate, kikatoa majibu ya kutokuwa na maambukizi. Ndiyo maana maelekezo ya vipimo hivyo yanasema visitumiwe na mtu aliyekwisha kuanza ARV. Watu hawasomi maelekezo, wanasoma mistari miwili au mmoja. Halafu Jumapili mstari mmoja unainuliwa juu kanisa zima lione.

Sasa nije kwenye kuamini kwenyewe. Nimesikiliza ushuhuda mwingi wa aina hii, na sijawahi kukutana na shahidi niliyemwona mwongo. Wanasema walichokiona: niliumwa, niliombewa, nikapimwa, karatasi ikasema hakuna kitu. Yote manne ni kweli. Linaloachwa nje ni la tano, kwamba katikati ya kuombewa na kupimwa alikuwa anameza kidonge kila usiku saa tatu. Ukiwa na sababu mbili zinazoweza kuleta tokeo moja, huwezi kuchagua uipendayo na kuitupa nyingine, hasa kama ile unayoitupa ndiyo inayokuweka hai.

Linalofanya jambo hili liwe gumu ni muda. Virusi vikirudi havipigi hodi. Aliyetupa dawa mwezi wa kwanza, mwezi wa tatu bado anabeba tenga la parachichi, mwezi wa sita anatoa ushuhuda wa pili ulionona kuliko wa kwanza. Kinga yake inashuka taratibu, kwa miezi, pengine kwa miaka, kutegemea ilikuwa imefika wapi. Katika kipindi hicho kila asubuhi ya afya njema inahesabiwa kuwa ushahidi, na waumini wenzake wawili watatu wanaamua kumfuata. Kikija kifua kikuu, au homa ya uti wa mgongo inayoletwa na fangasi, mambo hubadilishiwa maelezo: imani yake imepungua, au kuna mtu kamtupia kitu. Ukiwa mzima, ni maombi. Ukiugua, ni wewe. Dai la namna hiyo halishindwi kamwe, na dai lisiloweza kushindwa halijawahi kupimwa.

Halafu angalia nani anapewa kipaza sauti. Anapewa aliye mzima. Aliyelazwa wodini hayupo kwenye mkesha, na ndugu wa marehemu hawaitwi mbele kueleza ilikuwaje. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu walikwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila kwa shilingi 500, na walioanza kusimulia kwamba wamepona walisikika nchi nzima kabla mwaka haujaisha. Waliorudi nyumbani wakaacha dawa, wakafa kimyakimya, walizikwa vijijini kwao na hakuna aliyewahesabu.

Mtu ataniambia hapo ninaingiza akili ya kibinadamu mahali pa Mungu. Hebu tuifungue Biblia yenyewe. Mambo ya Walawi sura ya 13 inamtaka kuhani amtazame mwenye ugonjwa wa ngozi, amtenge siku saba, amtazame tena, na ikibidi siku saba nyingine. Katika Luka 17 wakoma kumi wanamlilia Yesu, naye anawaambia wakajionyeshe kwa makuhani. Mponyaji mwenyewe anawapeleka kwa mpimaji, naye ni mpimaji asiye wa kundi lake. Paulo anawaandikia Wathesalonike: "jaribuni mambo yote, lishikeni lililo jema." Na Waislamu wanajua Hadithi ya Mtume kuhusu ngamia, kwamba umfunge kwanza ndipo umtegemee Mwenyezi Mungu, na ile isemayo kwamba Mungu hakushusha ugonjwa ila ameushushia na dawa yake.

Kanisa Katoliki lina utaratibu mkali kuliko wangu. Huko Lourdes, Ufaransa, mji wa mahujaji tangu 1858, kuna ofisi ya madaktari inayochunguza kila anayedai kuponywa. Wamepokea madai kwa maelfu. Yaliyotambuliwa rasmi na maaskofu kuwa muujiza ni sabini na ushei tu. Mojawapo ya masharti yao ni kwamba uponyaji usiwe umeelezeka kwa dawa alizotumia mgonjwa, na udumu. Kwa sharti hilo, mtu anayemeza ARV hapiti hata mlango wa kwanza. Hawa ni watu wanaoamini miujiza kwa moyo wote, na ndiyo sababu hawataki ichanganywe na vitu vingine.

Na wapo watu waliopona UKIMWI kweli. Duniani wanahesabika kwa vidole. Wa kwanza kujulikana, Timothy Ray Brown, alipandikizwa uboho mjini Berlin mwaka 2007 kwa ajili ya saratani ya damu. Madaktari hawakutangaza kwa karatasi moja. Walimfuatilia kwa muda mrefu bila ARV, chini ya uangalizi, wakachukua vipande vya utumbo na vya tezi kutafuta virusi. Anayeamini kwamba ameponywa kwa maombi anastahili uangalizi kama huo, si kusukumwa peke yake barabarani bila dawa.

Sheria nayo inasemaje? Ibara ya 19 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977 inampa kila mtu uhuru wa mawazo, imani na uchaguzi katika mambo ya dini, pamoja na uhuru wa kubadilisha dini, na inaweka uendeshaji wa jumuiya za dini nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Naiunga mkono ibara hii bila kigugumizi. Kila zinapotoka habari za nabii aliyezuia watu dawa, husikika sauti za kutaka serikali ifunge nyumba za maombi zote. Nchi hii iliwahi kupita njia hiyo: Mashahidi wa Yehova walipigwa marufuku mwaka 1965, na ilichukua zaidi ya miaka ishirini wakaruhusiwa tena. Serikali ikianza kupima imani ipi ni ya busara, haitaishia kwa yule unayemchukia wewe.

Lakini uhuru huo ni wa mtu, na ibara ya 30 inakumbusha kwamba haki za mmoja zisitumike kuvunja za mwingine. Kuhubiri kwamba Mungu anaponya ni haki ya mhubiri. Kumwambia mgonjwa atupe dawa kwa kuwa amepona UKIMWI ni jambo jingine, kwa sababu Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inakataza taarifa za kupotosha kuhusu kuponya ugonjwa huu. Sheria hiyohiyo inataka majibu ya vipimo yawe siri. Mwenyewe anaweza kuyasema apendapo, ila kumwita mtu mbele ya umati akasome kadi yake ya CTC, huku wanakwaya wa mtaani kwake wakimtazama, ni kumweka mahali ambapo kukataa ni vigumu. Sioni hiari hapo.

Mtu mzima mwenye akili timamu anaweza kukataa dawa. Mhudumu atamshauri, atamwandikia kwenye faili, ataendelea kumtafuta, ila hatamfunga kamba. Kwa mtoto hakuna mjadala. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mzazi au mlezi ampatie mtoto matibabu na inakataza mtu yeyote kumnyima. Imani ya bibi haimpi ruhusa ya kuficha chupa ya dawa ya mjukuu wa miaka tisa. Ukiliona hilo, nenda kwa afisa ustawi wa jamii, au dawati la jinsia na watoto polisi, au piga 116, simu ya bure ya huduma kwa mtoto.

Kwa wahudumu nina neno moja, wala si la upole. Nesi anayemwambia mgonjwa "huyo nabii wako tapeli" amekwisha mpoteza, na wala hakuajiriwa kusahihisha dini za watu. Muulize alivyosikia alipoombewa. Muulize aliacha lini. Mweleze HVL inapima nini, kwa Kiswahili, au kwa Kinyakyusa kama ndiyo lugha anayoielewa. Mkumbushe pia, bila kejeli, kwamba Ikonda, Ilembula, Tosamaganga, Isoko na Chimala ni hospitali zilizojengwa na makanisa, na kwamba watu wanaoanza siku kwa sala ndio wanaowahudumia wagonjwa huko.

Kwa familia: ndugu aliyeacha dozi asikaripiwe. Anarudi CTC aliyokuwa akihudhuria, hakuna faini, na aseme ukweli kuhusu muda aliokaa bila dawa, kwa sababu daktari atautumia kuamua achunguzwe nini kwanza kabla ya kurudishwa kwenye vidonge. Asianze tu kumeza zilizobaki kabatini. Asigawane na mtu.

Mfungo unauliziwa sana, hasa Kwaresima na Ramadhani. Dawa inayotumiwa na wengi sasa, TLD, ni kidonge kimoja kwa siku na humezwa na chakula au bila chakula, kwa hiyo inaweza kuhamishiwa wakati wa futari au daku, mradi saa iwe ileile kila siku. Kwa mfungo mkavu wa siku kadhaa bila hata maji, zungumza na kliniki kwanza. Anayekwenda mkutano wa wiki nzima Mafinga au Tunduma abebe vidonge vya kutosha na kadi yake. Vikimwishia huko, aingie CTC yoyote iliyo karibu aonyeshe kadi, atasaidiwa.