Bwawa la udongo la shambani: dhana potofu na ukweli

"Bwawa langu ni dogo, haliwezi kudhuru mtu."

Lipime kwanza. Zidisha eneo la uso wa maji kwa kina chake kikubwa, kisha chukua asilimia 40 ya jibu. Bwawa la hekta moja lenye kina cha mita 5 hubeba takriban mita za ujazo 20,000, yaani tani 20,000 zinazozuiwa na udongo mtupu. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018, bwawa la shamba la mtu binafsi huko Solai, Nakuru, lilipasuka na watu zaidi ya 40 wakafa.

Ndiyo maana daraja la hatari la bwawa, yaani kama ni la hatari ndogo au kubwa, hupangwa hasa kwa kuangalia nani anaishi chini ya bwawa, wala si kwa ubora wa tuta, yaani ukuta wa udongo unaozuia maji. Daraja hilo hupanda hata kama tuta halijaguswa: nyumba tatu zikijengwa bondeni, bwawa lililokuwa la hatari ndogo huwa la hatari kubwa. Shuka bondeni kila mwaka uhesabu nyumba, vivuko na njia za watoto wa shule.

"Utoro (njia ya kupitishia maji ya ziada bwawa likijaa) ukiinuliwa kidogo, tunapata akiba ya kiangazi."

Hii ndiyo dhana tunayoiogopa kuliko zote, kwa kuwa huonekana kama busara. Chukua utoro wenye upana wa mita 6, na kilele cha tuta kiwe mita 1 juu ya sakafu yake. Ukijaa kabisa hupitisha takriban mita za ujazo 10 kwa sekunde. Sasa panga viroba vya mchanga vya nusu mita mdomoni mwake. Kina kimepungua kwa nusu, lakini uwezo umeanguka hadi mita za ujazo 3.6, zaidi kidogo tu ya theluthi. Mafuriko yaliyokuwa yakipita kwa amani sasa yatapita juu ya tuta.

Na tuta la udongo halivumilii maji juu yake. Maji humega kitako, yaani sehemu ya chini, cha upande mkavu usiogusa maji ya bwawa, mmomonyoko ukapanda kurudi nyuma hadi kileleni, kisha pengo likafunguka. Wavu wa kuzuia samaki uliowekwa utoroni nao ni hatari ileile: hunasa majani na matawi saa ileile ya mafuriko. Bwawa la Ka Loko huko Hawaii lilipobomoka tarehe 14 Machi 2006 na kuua watu 7, wachunguzi hawakuukuta utoro uliopaswa kuwepo.

Kagua pia kilele chenyewe. Udongo hutitia, hasa katikati ambako tuta ni refu zaidi, na ng'ombe au trekta huchimba njia. Pima kwa mpira wa maji kama wafanyavyo waashi, kila baada ya mita 5, ukilinganisha na sakafu ya utoro. Mahali palipotitia sentimita 30 ndipo maji yatakapoanzia, hata kama sehemu nyingine zote ni sawa.

"Likivuja ni bovu, lisipovuja ni zima."

Kila tuta la udongo hupitisha maji kidogo. Swali ni kiasi gani, na yamebeba nini. Kinga maji hayo kwa ndoo ya lita 10 na uhesabu sekunde hadi ijae. Andika tarehe, kimo cha maji bwawani na kama mvua imenyesha. Kisha jaza glasi safi, iache itulie usiku kucha, uitazame asubuhi: utando wa udongo chini yake maana yake tuta linaliwa kutoka ndani. Ndoo ikijaa upesi kuliko mwezi uliopita, ilhali kimo cha maji ni kilekile na mvua hakuna, ni onyo hilohilo.

Kosa la kawaida ni kuziba tundu la upande mkavu kwa udongo wa mfinyanzi. Maji hayakomi, shinikizo hupanda na kutokea kwingine. Kinachofaa ni kuweka mchanga mkali juu ya tundu, kisha kokoto juu yake, ili maji yatoke lakini udongo ubaki. Wakati huohuo punguza maji ya bwawa na umwite mhandisi. Katika hali ya kawaida usishushe zaidi ya sentimita 30 kwa siku, kwani upande wa maji uliolowa unaweza kuporomoka. Maji ya matope yakizidi kasi, anza na watu: waondoke bondeni.

"Limesimama miaka mingi, halina neno."

Bwawa la Lawn Lake, Colorado, Marekani, lilijengwa 1903 likabomoka 15 Julai 1982. Tuta lilikuwa na kimo cha takriban mita 8 tu. Kilichochoka kilikuwa kiungo kati ya bomba la kutolea maji na vali yake. Bomba ndilo njia nyepesi ya maji, kwa sababu udongo unaolizunguka ni mgumu kushindilia. Ukiona unyevu au shimo dogo juu ya mstari wa bomba, usisubiri.

"Miti hushika udongo wa tuta."

Nyasi fupi ndizo hushika. Mzizi wa mti ukifa huoza na kuacha mfereji ndani ya tuta. Ng'oa miche ingali midogo. Mti mkubwa usiung'oe bila mhandisi.

"Nina kibali, usalama ni kazi ya serikali."

Kibali huonyesha kwamba mpango ulikubaliwa siku ile. Mkaguzi huja mara chache; mwenye bwawa ndiye aliyepo mvua inaponyesha. Kagua kila wiki wakati wa masika na baada ya kila mvua kubwa, ukitembea kileleni, kisha kitakoni, na kumalizia utoroni. Weka daftari, na ukurasa wake wa kwanza uwe na namba za simu za kila nyumba bondeni, za mamlaka ya maji na za mtu wa pili mwenye ufunguo wa vali.